Barua ya wazi kuhusu tohara ya watoto wachanga wasio na ugonjwa

Kwa waheshimiwa mawaziri wa afya, wabunge, wakuu wa hospitali na wajumbe wa mabaraza ya madaktari na wauguzi,

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia nikiwa muuguzi wa watoto wachanga, kazi inayonifanya niwepo chumbani mtoto anapotahiriwa, na niwepo tena pale mzazi anapomrudisha usiku kwa sababu nepi imelowa damu. Ombi langu nitalitaja mapema lisije likapotea katikati ya hoja. Tungeni sheria inayotenganisha tohara inayofanywa kwa ajili ya imani na ile inayofanywa kwa matumaini ya faida za kiafya za miaka ijayo. Ya kwanza iruhusiwe, lakini chini ya masharti ya usalama ambayo hakuna mtu wa kuyakwepa. Ya pili, ikiwa mtoto hana ugonjwa wowote, ingoje mpaka mwenye mwili afikie umri wa kuamua mwenyewe.

Nchi nyingi hazina sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja. Tohara ya mtoto wa kiume imeachwa mikononi mwa mzazi, na kwa kweli mikononi mwa yeyote anayeshika kisu, awe daktari bingwa, mhudumu wa dini au mtu aliyejifunza kwa kutazama wengine. Ninafahamu kwa nini mmenyamaza. Wapo wanaotaka ipigwe marufuku kabisa, na wapo wanaoona kwamba hata kuuliza swali ni kuivamia dini yao, na kiongozi anayesogea upande wowote anajua atakavyoshambuliwa. Lakini wakati mnanyamaza, mtoto atakayelazwa mezani kesho asubuhi hana aliyemwekea hata sharti la kupewa ganzi.

Nianze na habari ya afya, kwa kuwa ndiyo wazazi wanayoambiwa zaidi hospitalini. Hakuna ubishi kwamba tohara humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke. Majaribio matatu makubwa, ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, ambayo matokeo yake yalichapishwa kati ya mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba uwezekano huo hupungua kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, wakaipendekeza tohara ya hiari kwa maeneo yenye maambukizi mengi. Tazameni, hata hivyo, waliotahiriwa katika majaribio hayo walikuwa akina nani. Orange Farm na Kisumu walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 24, na Rakai walianzia miaka 15. Walikuja kwa miguu yao, wakaelezwa, wakauliza maswali, wakatia sahihi. Mtoto wa siku mbili hana njia ya kuambukizwa kwa ngono kwa miaka mingi ijayo, na kinga hiyo anayokatwa kwa ajili yake leo atakuwa na nafasi ya kuipata ile ile siku atakapoihitaji na kuitaka.

Waliosimamia kampeni hizo wenyewe wamejifunza jambo ambalo bado halijafika kwenye wodi za wazazi. Katika miongozo yake ya mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilielekeza huduma ya tohara ya kinga kwa vijana wa miaka 15 na kuendelea pamoja na wanaume wazima, na mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, nao ukapandisha umri wa chini hadi miaka 15. Sababu zilikuwa mbili: wavulana wa chini ya umri huo walikuwa wakipata majeraha mabaya zaidi, yakiwemo ya kutoboka kwa mrija wa mkojo, na ridhaa yao ilikuwa na mashaka. Ikiwa mvulana wa miaka 12, anayeweza kusema hapana kwa sauti, anahesabiwa kuwa bado mdogo mno kuridhia tohara ya kujikinga na VVU, ninaomba mnieleze mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka anahesabiwa vipi.

Faida nyingine zinazotajwa zina uzito wao, na si haki kuzidharau. Tohara hupunguza sana maambukizi ya njia ya mkojo katika mwaka wa kwanza. Lakini maambukizi hayo humpata takriban mtoto mmoja wa kiume kati ya 100, na hesabu ya watafiti ni kwamba inabidi kutahiri watoto wapatao 111 ili kumwepusha mmoja na ugonjwa ambao kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za antibaiotiki. Kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya figo au ya njia ya mkojo hesabu inabadilika, na huyo ana sababu ya kitabibu. Barua hii haimhusu. Saratani ya uume ni ugonjwa wa nadra unaowapata watu wazima, na sehemu yake kubwa inahusiana na HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa ngono, ambavyo sasa vina chanjo.

Kuna pia lile la govi kubana, ambalo wazazi wengi wanatishwa nalo bila sababu. Karibu kila mtoto wa kiume huzaliwa govi likiwa limeshikamana na kichwa cha uume, na huachana lenyewe polepole kwa miaka. Daktari wa watoto wa Uingereza, Douglas Gairdner, alilieleza hili mwaka 1949 kwa uchunguzi makini kiasi kwamba nchini mwake tohara ya kawaida ya watoto wachanga ilipungua sana katika miaka iliyofuata. Hata kwa mvulana mkubwa ambaye govi bado linambana, mara nyingi hujaribiwa kwanza krimu ya steroidi. Na bado mpaka leo mama huambiwa mwanawe "amebana" kana kwamba amezaliwa na kilema.

Vyama vya madaktari vimetofautiana, na tofauti hiyo ina jambo la kuwafundisha watunga sheria. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kilisema mwaka 2012 kwamba faida zinazidi hatari, lakini hazitoshi kuipendekeza tohara kwa kila mtoto anayezaliwa. Wenzao wa Kanada walisema mwaka 2015 kwamba hawaipendekezi kwa kila mtoto. Chama cha madaktari cha Uholanzi, KNMG, kilikwenda mbali zaidi mwaka 2010, kikasema tohara isiyo na sababu ya kitabibu inapingana na haki ya mtoto ya kujiamulia na ya kubaki na mwili wake mzima, ingawa hakikuomba marufuku kwa kuhofia kwamba ingefanyika mafichoni. Someni tena kauli hizo tatu. Hata ile iliyo rafiki zaidi kwa tohara haikusema watoto wote watahiriwe.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo haiwezi kupitwa. Tohara ya mtoto mchanga ni rahisi kuliko ya mtoto mkubwa: kidonda hupona haraka, mara nyingi hakuna nyuzi, na hakuna dawa ya usingizi wa kina. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kiwango cha kati cha matatizo kwa wachanga kilikuwa asilimia 1.5, wakati kwa waliovuka mwaka mmoja kilikuwa asilimia 6. Ninazikubali takwimu hizo. Ila tofauti kati ya utafiti mmoja na mwingine ilikuwa kubwa mno, kuanzia sifuri hadi asilimia 16 kwa wachanga, na kwa mtu anayetunga sheria tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, kwa maana inaonyesha kwamba usalama unategemea nani anatahiri, kwa kifaa gani na katika mazingira gani. Pia wepesi wa kufanya jambo hautoshi kuwa sababu ya kulifanya. Wengi wa watoto hao, wakiachwa wakue, hawatakuwa na haja ya tohara kamwe, na kati ya watakaokuwa na hiari, wengine wataitaka na wengine wataikataa.

Sasa niwaeleze kinachofanyika chumbani, kwa sababu nina hakika wengi wenu mmewahi kuujadili mjadala huu bila kukiona. Mtoto hulazwa chali kwenye ubao wa plastiki uliofinyangwa kwa umbo la mwili, mikono na miguu ikafungwa kwa mikanda. Kwa kuwa govi bado limeshikamana, kifaa chembamba huingizwa na kuzungushwa ili kulibandua kutoka kwenye kichwa cha uume, na hapo ndipo kibano huwekwa, kikakazwa kwa dakika kadhaa ili mishipa ya damu ijifunge, kisha kisu kikapita. Akipewa ganzi vizuri kwa sindano kwenye shina la uume, na daktari akaingoja ifanye kazi, mtoto anaweza kupita yote haya akilia kidogo tu kwa kufungwa na baridi. Asipopewa, kilio chake ni cha namna nyingine. Uso wake huwa mwekundu, kisha wa buluu kuzunguka mdomo, pumzi inakatika, na mara hunyamaza ghafla akiwa macho, akitazama bila kutikisika. Mzazi aliye nje ya mlango huambiwa, "Ametulia." Sisi tuliomo ndani tunajua kwamba hajatulia.

Haya si maoni ya muuguzi mwenye moyo mwepesi. Mwaka 1997 watafiti nchini Kanada walilinganisha njia mbalimbali za ganzi kwa watoto wachanga wanaotahiriwa, na katika kundi lisilopewa ganzi watoto wawili walipaliwa na kuacha kupumua kwa muda. Mwaka huo huo utafiti mwingine wa nchini humo ulionyesha kwamba wavulana waliotahiriwa wachanga walionyesha maumivu zaidi walipochomwa chanjo wakiwa na miezi minne au sita, na kwamba waliopakwa dawa ya ganzi wakati wa kutahiriwa walionyesha nafuu kuliko waliopakwa krimu isiyo na dawa. Tangu mwaka 1999 AAP imesema kutuliza maumivu ni jambo la lazima. Zaidi ya robo karne imepita, na bado wapo wanaotahiri kwa tone la maji ya sukari mdomoni na haraka ya mkono, wakisema mtoto hatakumbuka.

Ridhaa nayo ina matatizo yake. Nimemwona mama aliyejifungua alfajiri akiletewa fomu ya tohara kabla ya saa sita mchana, imechanganywa na karatasi za chanjo na za kuruhusiwa kutoka wodini, huku kidole cha mhudumu kikionyesha mahali pa kutia sahihi. Hakuuliza kitu, wala hakuelezwa kitu. Alipokuja kuuliza, mtoto alikuwa amekwisha kurudishwa akiwa amefungwa bandeji. Sahihi ya namna hiyo inaitwaje ridhaa? Mama huyo hakuwa na sharti la dini, hakuwa na historia ya ugonjwa katika familia. Alidhani tu kwamba ndivyo inavyofanyika kwa kila mtoto wa kiume.

Kuhusu imani, ninazungumza kwa tahadhari na kwa heshima ya kweli. Kwa Wayahudi, kutahiriwa siku ya nane ni agano, na siku hiyo ina uzito wake. Kwa Waislamu tohara ni sehemu ya usafi na utambulisho, wapo wanazuoni wanaoiita wajibu na wapo wanaoiita sunna, na umri wa kuifanya hutofautiana sana. Nitaulizwa, na ni swali la haki: ikiwa mwili ni wa mtoto, kwa nini imani ya mzazi ipewe nafasi ambayo hofu ya mzazi ya magonjwa imenyimwa? Jibu langu ni kwamba dai la afya hupimwa kwa ushahidi, na ushahidi umekwisha kuonyesha kwamba kwa mtoto asiye na ugonjwa linaweza kungoja bila hasara kubwa. Agano halipimwi kwa kipimo hicho, na kwa wanaolishika siku ya nane, kuwaambia wangoje mpaka mtoto afikie umri wa kuamua ni sawa na kuwaambia waliache. Dola ikiingia hapo kwa nguvu inamgusa mtoto pia, kwani naye anazaliwa ndani ya jumuiya na ana haki ya kuwa mmoja wao. Jibu hili halinipi raha kamili. Mtoto wa muumini huumia sawasawa na mtoto wa asiye muumini, na ndiyo maana ninayadai masharti kwa ukali.

Dini zenyewe zimetangulia katika kuuweka uhai mbele. Sheria ya Kiyahudi huahirisha tohara ya mtoto mgonjwa, na Talmudi, kitabu cha kale cha mafundisho ya Kiyahudi, ilikwisha kujadili familia ambayo watoto wawili wamekufa baada ya kutahiriwa, ikasema wa tatu asitahiriwe, karne nyingi kabla ya sayansi kuuelewa ugonjwa wa damu kutoganda unaorithiwa. Viongozi wa dini watakaoitwa kwenye meza ya kutunga sheria watakuja wakiwa na urithi huo, na ninaamini wengi wao watakuwa upande wa mtoto mkiwaita mapema na kwa adabu.

Wale wanaodai marufuku kamili ninaelewa uchungu wao, lakini ninawaomba msiwasikilize katika hilo. Mwaka 2012 mahakama ya mjini Cologne, Ujerumani, ilisema kumtahiri mvulana kwa sababu ya dini ni kumjeruhi, na kwa miezi kadhaa madaktari wakaogopa na wazazi wakachanganyikiwa, hadi Bunge lilipopitisha sheria Desemba mwaka huo huo inayoiruhusu kwa kufuata kanuni za kitabibu. Muswada wa Iceland wa mwaka 2018, uliotaka kifungo cha hadi miaka sita, uliishia njiani. Na nchini Italia, mwaka 2018 na 2019, watoto walikufa baada ya kutahiriwa majumbani na watu wasio madaktari. Mzazi aliyeamua kwa imani hataacha kwa kuogopa faini. Atakachoacha ni kuja hospitalini, na siku damu itakapokataa kusimama atachelewa kumleta kwa kuhofia kukamatwa.

Sweden inaweza kuwa mfano. Sheria yake ya mwaka 2001 inamtaka anayetahiri bila kuwa daktari awe na kibali, afanye hivyo kwa watoto wasiozidi miezi miwili tu, na ganzi itolewe na daktari au muuguzi aliyesajiliwa. Afrika Kusini, katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2005, inakataza kumtahiri mvulana wa chini ya miaka 16 isipokuwa kwa sababu ya dini au ya kitabibu, na inampa mtoto haki ya kukataa kulingana na umri na uelewa wake. Unganisheni sheria hizi mbili na mtakuwa na sehemu kubwa ya ninachokiomba.

Mengine yaliyobaki ni ya kazi, na wauguzi na wakunga tunaweza kuyasimamia mkitupa nguvu ya sheria. Kila mtoto achunguzwe kwanza uchi na kwenye mwanga. Takriban mvulana mmoja kati ya 200 hadi 300 huzaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya ncha, na huyo asitahiriwe, kwa kuwa daktari wa upasuaji atalihitaji govi lake kurekebisha hali hiyo. Njiti na mwenye manjano wangoje. Sindano ya vitamini K iwe imechomwa, kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa na akiba ndogo mno ya vitamini hiyo inayosaidia damu kuganda, na wazazi waulizwe waziwazi kama kuna aliyewahi kuvuja damu bila kukoma katika ukoo wa mama. Vibano vikaguliwe: mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vibano vilivyochakaa au kuunganishwa na vipuri visivyo vyake, ambavyo huteleza au kukata zaidi ya govi. Ridhaa iwe ya wazazi wote wawili pale wote wanapokuwepo, ichukuliwe kabla ya uchungu kuanza au siku kadhaa baada ya kujifungua. Wazazi wasipokubaliana isifanyike mpaka mahakama iseme, kama Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilivyoamua mwaka 1999 katika kesi ya mvulana ambaye baba alitaka atahiriwe na mama akakataa. Hospitali isiipendekeze tohara kwa mzazi ambaye hakuiulizia. Na kila tatizo litokanalo na tohara liandikwe kwenye rejista ya taifa, kwa sababu leo mtoto akitahiriwa mahali pamoja na kushonwa mahali pengine, aliyemtahiri anabaki na rekodi safi.

Asitokee mtu wa kuitumia barua hii kulegeza msimamo dhidi ya ukeketaji wa wasichana. Huo hauna faida yoyote ya kiafya, una madhara ya maisha yote, na marufuku yake ibaki palepale.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu kila nchi imeuridhia, unazitaka serikali kuyapa maslahi ya mtoto uzito wa kwanza na kumsikiliza anapokuwa na uwezo wa kutoa maoni yake. Mtoto mchanga hana maoni ya kutoa, ila atakuwa nayo. Kwa hiyo mnapoiahirisha tohara ya kinga, ninaomba mtenge pia bajeti ya kuitoa kwa kijana au mtu mzima atakayeitaka, bila malipo, kwa ganzi na kwa mhudumu aliyefunzwa, ili aliyeachiwa uamuzi asikute mlango umefungwa siku anapokuja kuutoa. Niko tayari kufika mbele ya kamati yoyote ya bunge au ya wizara kueleza kwa kirefu tunachokiona wodini, na wapo wauguzi wenzangu na wakunga walio tayari kufika nami, ikiwa mtawahakikishia kwamba hawatapoteza kazi kwa kusema.

Wasalaam,

Muuguzi wa watoto wachanga